Mifuko minne ya mchanga: kazi ya vikundi iliyopata vema na jaribio lililoanguka

Swali lililofikishwa kwenye kikao cha taaluma lilikuwa rahisi kulitamka. Darasa la Tano walifanya kazi ya vikundi ya desimali, na karibu kila kikundi kikapata vema. Majuma mawili baadaye wakapewa jaribio la mada ileile, wengi wakaanguka vibaya. Kwa nini?

Walimu waligawanyika. Upande mmoja ulisema shughuli za vikundi zinakula vipindi bure: mwalimu arudi ubaoni, aeleze, watoto wanakili, basi. Upande wa pili ulisema watoto siku ile walichangamka kuliko siku nyingine zote, kwa hiyo shughuli haina kosa, labda jaribio lilikuwa gumu mno. Mwalimu wa taaluma akaniomba nipitie karatasi, nikae darasani shughuli itakaporudiwa, kisha nitoe maoni kwa maandishi. Haya ndiyo maoni hayo, nimeyapanua kwa ajili ya walimu wengine. Shule na watu wake nawaacha bila majina.

Ni shule ya msingi ya serikali, kandokando ya ziwa upande wa Ilemela, Mwanza, mwendo mfupi tu kutoka mwaloni, mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Darasa lina watoto wanaokaribia tisini, na familia nyingi zinaishi kwa samaki: baba anaingia ziwani, mama anaanika dagaa au anauza sato na sangara kwa kilo. Mwalimu wa hisabati aliliona hilo na kulitumia vizuri. Mifano mingi ya desimali huegemea fedha, lakini mtoto wa leo hajawahi kushika senti. Bei zote anazozijua ni shilingi kamili. Desimali anazokutana nazo mtaani ziko kwenye mizani, kwenye pampu ya mafuta na kwenye masafa ya redio. Kati ya hizo, mizani ndiyo inayomgusa kila siku. Kuleta mizani darasani lilikuwa wazo sahihi, na sitaki msomaji afike mwisho wa andiko hili akidhani nalipinga.

Mizani yenyewe iliazimwa kwa mama mmoja anayeuza samaki, ile ya kuning'iniza, yenye uso wa duara na mshale. Ilifungwa kwenye nondo ya dirisha. Mwalimu alijaza mchanga katika mifuko minne ya kitambaa, akaiandika A, B, C na D. Uzito halisi ulikuwa kilo 0.90, kilo 1.25, kilo 1.35 na kilo 1.70, ila herufi hazikufuata mpangilio huo. Vikundi vilikuwa vinane, na kila kikundi kilikwenda dirishani kwa zamu kikiwa na kadi ya manila yenye maagizo mawili: pimeni mifuko yote minne, kisha ipangeni kuanzia mwepesi hadi mzito. Mwalimu alisahihisha mpangilio wa herufi. Ukiwa sawa, vema.

Kabla ya kuingia kwenye mizani, kuna jambo la mahudhurio ambalo shule za mwambao huu zinapaswa kulitazama kila zinapolinganisha matokeo ya siku mbili tofauti. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta vizuri usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa hupumzika. Giza likirudi kazi inaanza upya, na asubuhi dagaa wanahitaji mikono mingi ya kuwatandaza juani kabla hawajaharibika. Baadhi ya mikono hiyo ni ya wanafunzi. Rejista ilionyesha wazi kwamba shughuli ya mizani iliangukia siku za giza, na jaribio, majuma mawili baadaye, likaangukia mbalamwezi. Kwa maneno mengine, wako watoto waliofanya jaribio ambao siku ya shughuli walikuwa kwenye vichanja vya dagaa. Kulinganisha wastani wa darasa katika hali hiyo ni kulinganisha watu tofauti. Tulichofanya ni kufuata majina: mtoto aliyekuwepo siku zote mbili ndiye anayehesabiwa. Tulipowatoa wasiokuwepo, hali ilipata nafuu kidogo, lakini anguko lilibaki. Tatizo halikuwa mahudhurio peke yake.

Shughuli iliporudiwa nilisimama karibu na dirisha nikiwa na karatasi moja. Sikuandika kama watoto wanachangamka. Hilo lilionekana bila kuandikwa. Niliandika nani ameshika penseli, nani anasoma mshale, na amesema nini kabla wenzake hawajamkubalia au kumkatalia.

Kwenye uso wa ile mizani, kati ya kilo moja na inayofuata kulikuwa na nafasi ndogo ishirini. Kila nafasi, basi, ni gramu 50. Mfuko wa kilo 1.25 ulipotundikwa, mshale ulivuka 1 ukasimama kwenye alama ya tano. Watoto wa kikundi cha kwanza wakahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mwandishi akaandika 1.5. Mfuko wa kilo 1.35 ukasimama kwenye alama ya saba, wakaandika 1.7. Mfuko wa kilo 1.70 ukasimama kwenye alama ya kumi na nne, wakaandika 1.14. Ule mwepesi haukufika kilo moja. Mshale ulikuwa kwenye alama ya kumi na nane, nao wakaandika 0.18. Kikundi cha pili, hivyohivyo. Cha tatu, hivyohivyo.

Msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kisa kizima kilipo. Usomaji wote huo si sahihi. Sasa watoto wanatakiwa kupanga 0.18, 1.5, 1.7 na 1.14. Mtoto ambaye bado hajaelewa desimali huzisoma tarakimu zilizo baada ya nukta kama namba nzima: tano, saba, kumi na nne. Kwake 1.14 ni kubwa kuliko 1.7, kwa kuwa kumi na nne ni kubwa kuliko saba. Anapanga 0.18, 1.5, 1.7, 1.14. Ukirudisha herufi za mifuko, mpangilio huo ni sahihi kabisa! Kosa la kwanza na kosa la pili vimefutana, na kadi inapata vema.

Je, mtoto anayeelewa desimali? Yeye anajua kwamba 1.14 ni ndogo kuliko 1.5. Lakini kwa kuwa naye amehesabu alama kama wenzake, anasema mfuko ulioandikwa 1.14 unatangulia ule wa 1.5. Amekosea mpangilio. Jambo hili nililishuhudia. Kijana mmoja wa kikundi cha tano alisisitiza, "Hii moja nukta kumi na nne ni ndogo." Alikuwa anasema kweli kuhusu namba. Mwenzake akachukua mfuko huo kwa mkono wa kulia na mwingine kwa mkono wa kushoto, akavipandisha na kuvishusha, akasema, "Acha ubishi, huu mzito." Naye alikuwa anasema kweli kuhusu mfuko. Kikundi kikamfuata mwenye mifuko, kikapata vema. Yule aliyejua somo alinyamaza mpaka kipindi kinaisha.

Na hapo tumegundua njia nyingine ya kupata vema: kutopima kabisa. Mtoto aliyezoea kubeba ndoo za dagaa hahitaji mizani kujua kwamba kilo 1.70 inaishinda 1.25. Kazi ilidai mpangilio tu, na mikono inatosha kuutoa. Hivyo kadi zilizopata vema hazikutuambia lolote kuhusu desimali. Kwa hiyo jaribio la baadaye halikuonyesha watoto wameporomoka kutoka mahali fulani. Lilikuwa ndilo kipimo cha kwanza kuwagusa. Waliosema shughuli ilifaulu na waliosema shughuli ni kupoteza muda wote walikuwa wanatumia ushahidi ambao haukuwepo.

Nilirudi kwenye karatasi za jaribio nikiwa na jicho jingine. Swali la "ipi kubwa, 2.4 au 2.35?" lilikuwa limewaangusha wengi, lakini "ipi kubwa, 3.72 au 3.68?" karibu wote walilipata. Hili linajulikana na kuandikwa mbali na hapa. Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walitumia miaka mingi kuchunguza wanafunzi wanavyolinganisha desimali, wakaonyesha kwamba makosa mengi ya watoto si ya kubahatisha: watoto wengi wana kanuni wanayoifuata kwa uaminifu. Kuna anayeamini kwamba desimali ndefu ndiyo kubwa. Kuna anayeamini kinyume chake, kwamba fupi ndiyo kubwa. Wote wawili wanaweza kulipata swali la 3.72 na 3.68, maana urefu ni sawa. Ukitaka kuwatenganisha, wape jozi mbili: 2.4 na 2.35 itamfichua wa kwanza, 2.62 na 2.3 itamfichua wa pili. Maswali kumi yenye urefu sawa wa tarakimu hayataonyesha kitu, hata mtoto akipata kumi kati ya kumi.

Lakini karatasi zilikuwa na kosa jingine ambalo halikutokana na urefu. Palipoandikwa "kilo moja na robo kwa desimali", baadhi walijibu 1.4. Mmoja wao ni binti ambaye humsaidia mama yake mwaloni. Nilikaa naye nje, mwalimu wake akiwepo. Nikamuuliza, sato kilo elfu nane, mteja anataka kilo na robo, atatoa ngapi? Hakufikiri hata kidogo: "Elfu kumi." Nikamwambia aandike hiyo kilo na robo kwa desimali. Akaandika 1.4. Madam wake akamuuliza, "Hiyo nne umeitoa wapi?" Akajibu kwa utulivu, "Robo si moja ya nne, madam?"

Ana akili ya mizani, ana akili ya bei, na anajua robo ni nini. Kinachokosekana ni daraja kati ya robo na sehemu za kumi na za mia. Mwalimu alifanya jambo zuri sana papo hapo, nami nalipendekeza kwa wote. Hakumwambia amekosea. Alimpa kazi: nane elfu mara 1.4. Binti akahesabu, akapata 11,200, akaitazama. "Hapana, mteja atagomba," akasema, kisha akaanza mwenyewe kutafuta namba itakayotoa elfu kumi. Alipitia 1.2, akaona 9,600 haitoshi, akajaribu 1.3, ikazidi. Ndipo akasema lazima iwe katikati.

Kwa hiyo nyuma ya neno moja, "wameanguka", kulikuwa na matatizo matatu yasiyofanana. La kusoma alama za mizani ni kasoro ya chombo na maelekezo, halihusu akili ya mtoto. La urefu wa tarakimu ni la thamani ya nafasi, yaani tarakimu ina thamani gani kulingana na mahali ilipo. La 1.4 ni la uhusiano wa sehemu na desimali. Ukiyatibu yote kwa dawa moja, yaani kurudia somo zima ubaoni, utawachosha wote na kuwasaidia wachache.

Wanaotengeneza vifaa na programu za kompyuta wana kiwango cha kimataifa, ISO 9241-11, kinachoeleza ubora wa matumizi ya kitu kwa mambo matatu: je, watumiaji wanafikia lengo, wanatumia nguvu na muda kiasi gani, na wanaridhika? Tena kinasisitiza kwamba majibu yanategemea ni watumiaji gani na wako katika mazingira gani. Naona walimu tunaweza kuuazima mtazamo huo bila aibu, kwa sababu shughuli ya darasani nayo ni chombo chenye watumiaji. Katika kisa chetu, waliokuwa wanaitetea shughuli walipima la tatu tu, kuridhika. La kwanza halikuwahi kupimwa. La pili ndilo lililonishtua zaidi. Kipindi ni dakika 40. Hapa mwalimu alipewa viwili mfululizo, dakika 80. Toa kama dakika 20 za kusogeza madawati na kueleza, zinabaki 60. Gawa kwa vikundi vinane: dakika saba na nusu kwa kikundi mbele ya mizani. Kikundi kina watoto kumi na mmoja, penseli ni moja, na kwenye karatasi yangu penseli hiyo haikubadilisha mikono katika vikundi vingi. Wengi wa watoto walitumia karibu saa nzima kusubiri au kushika mfuko.

Sikubaliani hata hivyo na wanaosema darasa kubwa haliwezi kufanya vitendo. Linaweza, ila shughuli ijaribiwe kwanza na wachache. Jakob Nielsen, mtaalamu wa masuala haya ya matumizi, ametetea kwa miaka mingi kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za chombo. Tulifanya hivyo: watoto watano wa darasa sambamba, chini ya mti, baada ya masomo, mizani ikiwa imetundikwa kwenye tawi. Hatukuwafundisha, tuliwapa kadi tukanyamaza. Wote watano walihesabu alama kama wenzao wa ndani. Wawili walipanga mifuko kwa mikono kabla ya kuigusa mizani. Yaliyokuwa yamejificha kwa watoto tisini yalijitokeza kabla hata kivuli cha mti hakijahama.

Toleo jipya la shughuli lilitokana na pale. Mwalimu alichora uso wa mizani kwenye karatasi, akatoa nakala ya kila mtoto, na kazi ya kwanza ikawa kugundua nafasi moja ndogo ni gramu ngapi, huku mizani ikiwa bado haijatundikwa. Mifuko ilibadilishwa ili miwili iwe karibu sana kwa uzito, kilo 1.25 na 1.30, tofauti ambayo mkono hauwezi kuihukumu. Kadi ikataka gramu, kisha desimali, kisha mpangilio, na kila mtoto aweke usomaji wake kwenye karatasi yake kabla kikundi hakijazungumza. Vikundi vikawa vya watoto wanne wanne madawatini, vikituma kwa zamu mpimaji mmoja dirishani. Waliobaki walichora mshale kwenye karatasi zao kwa kadiri mpimaji alivyotangaza alama. Hakuna kilichonunuliwa zaidi ya karatasi.

Mwishoni, kabla ya kengele, kila mtoto alijibu swali moja kwenye kipande cha karatasi: mfuko mmoja ni kilo 1.3, mwingine 1.25, upi mzito, na umejuaje? Karatasi tisini zinatisha mwalimu aliyechoka. Ila hazikusahihishwa, zilipangwa kwenye mafungu mezani. Waliojibu 1.3 wakaeleza kwa gramu au kwa nafasi ya sehemu za kumi, fungu moja. Waliojibu 1.25 kwa kuwa "ishirini na tano ni kubwa", fungu la pili. Waliopata 1.3 lakini sababu yao ni "fupi ndiyo kubwa" au hawakueleza, fungu la tatu. Kesho yake mwalimu alijua aanze na nani, na maneno yaleyale aliyaandika kwenye sehemu ya tathmini ya andalio la somo, mahali ambapo mara nyingi tumezoea kuandika "somo limeeleweka" na kufunga daftari.

Matokeo? Kosa la kuhesabu alama karibu lilikwisha, kama ilivyotarajiwa kwa kasoro ya chombo. Kosa la 1.4 lilipungua kwa waliopitia njia ya bei, na waliokosa siku hiyo walibaki nalo. Fungu la pili lilibaki kubwa, na naona ni haki kulisema wazi: mizani peke yake haifundishi thamani ya nafasi. Kwa watoto hao mwalimu amehamia kwenye mstari wa namba, akiugawa kwa kumi, kisha kila kipande kwa kumi tena. Jaribio la kurudia limepangwa kwa majina, na tarehe yake imewekwa baada ya kuangalia mwezi.

Shule nyingine zitakazotaka kuichukua kazi hii ziangalie aina ya mizani kwanza. Siku hizi wauzaji wengi wana mizani ya kidijitali. Ukitumia hiyo, kosa la kuhesabu alama halitatokea, kwa sababu hakuna alama za kuhesabu. Lakini kioo kitaandika 1.250 na 0.985, tarakimu tatu baada ya nukta, na yule mtoto wa "ndefu ndiyo kubwa" hatakuwa na desimali fupi ya kumfichua. Wape watoto wako watano mfuko mmoja kwenye mizani, kando yake kadi iliyoandikwa kilo 1.3 kwa mkono, uwaulize kipi kizito. Ukishasikia majibu yao, ndipo upange vikundi.